Viatu vya Karanga, Rufaa ya Karanga

Banda la Jeshi la Magereza pale Sabasaba halihitaji mpiga debe. Ukiingia unapokelewa na makabati ya mninga, vitanda vya sita kwa sita, meza za chakula zilizopigwa vanishi mpaka unajiona uso, na ukikunja kulia ndipo kwenye viatu vinavyoshonwa na wafungwa wa Gereza la Karanga, Moshi. Nilikuwa nimeinama najaribu kiatu cheusi cha kamba. Askari mmoja, dada wa makamo, alisimama pembeni yangu na kaunta buku mkononi.

"Namba 42 nyeusi zimebaki pea tatu, kaka. Kama hii inakubana, Karanga wanatushushia mzigo mwingine kesho."

Hakuangalia shelfu. Aliangalia kaunta buku. Kila pea ilikuwa na mstari wake: namba, rangi, tarehe iliyoingia bandani, tarehe iliyouzwa. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akasema hawa vijana wakitoka gerezani watatuzidi ufundi sisi wa uraiani. Askari akatabasamu.

"Wakitoka," akasema, akanikatia risiti.

Kiatu nimekivaa na ni kizuri, sina lalamiko.

Kilichonikaa kichwani wiki baada ya wiki ni lile daftari.

Karanga ya kwenye majalada

Jina la Karanga nililijua kabla sijavaa viatu vyake. Nilikutana nalo kwenye hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile yenye makao yake Arusha, katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania. Mlalamikaji alikuwa mfungwa wa Gereza la Karanga, Moshi, amepigwa mvua 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Hakuwa na wakili. Kesi ilifika mwisho bila yeye kutoa utetezi, wakati anaumwa. Alipoanza kukata rufaa, mambo yakaenda kwa mwendo wa miaka. Tarehe 20 Novemba 2015 majaji wakasema haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa, na kwamba ucheleweshaji ule haukuwa na maelezo ya kuridhisha. Hawakuamuru aachiwe. Amri ya namna hiyo, walisema, hutolewa katika mazingira ya kipekee tu.

Kutoka Moshi hadi Arusha ni safari ya basi ya asubuhi, ukafika na kurudi siku hiyohiyo. Shauri la mtu wa Karanga lilipita Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani kabla ya kufika kwa majaji wale.

Gereza lile lile linajua kila pea ya viatu iko wapi.

Karatasi inayoshikilia jembe

Ukimuuliza mtu mtaani kwa nini mfungwa analima bila mshahara, atakujibu: si amekosa? Katiba yetu haijengi hoja yake hapo. Ibara ya 25 inakataza kazi ya shuruti katika Jamhuri ya Muungano, kisha inataja kazi ambazo hazitahesabiwa kuwa za shuruti, na mojawapo ni ile inayofanywa kutokana na hukumu au amri ya mahakama. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1930 kuhusu kazi ya shuruti umeacha mlango huohuo wazi. Wamarekani nao waliuacha mwaka 1865, kwenye marekebisho yaleyale ya katiba yaliyofuta utumwa.

Kwa hiyo jembe la mfungwa limeegemea karatasi moja, nayo ni hukumu. Ndiyo maana mahabusu hapelekwi shambani kwa lazima. Bado hana karatasi.

Sasa karatasi ile ikifutwa na mahakama ya juu baada ya miaka minane, mahindi aliyopanda yalipandwa kwa ruhusa ya nani?

Nililiweka swali hilo kwenye simu, kwenye notsi, nikadhani litatulia. Halikutulia. Nikaona nimtafute mtu anayeijua jela kwa ndani kuliko mimi.

Baba mdogo na wanaohesabu kenchi

Baba yangu mdogo alikuwa askari magereza mpaka alipostaafu. Siku hizi anafuga kuku Kibaha na anawapigia kuku mahesabu kwa nidhamu ileile ya asubuhi na jioni. Nilimkuta anatengeneza mlango wa banda.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba. Umekuja na maswali, naona. Viatu hivyo ni vya Karanga."

Nilipomweleza aliweka nyundo chini. Nilitegemea angetetea serikali. Alitetea kazi.

"Ninyi mkisikia mfungwa analima mnasema anateswa. Mimi nakwambia, kazi ndiyo inayomlaza usingizi. Nenda kakae na mahabusu wanaoshinda wamelala chali wanahesabu kenchi za dari, ndipo ujue jela ni nini. Mtu wa shamba jioni anakula ugali wake, analala. Ugomvi mkubwa wote niliouona kazini uliota kwa watu wasio na shughuli."

Hapo ndipo hoja yangu ya kwanza ilipovunjika. Nilikuwa nimekuja na kichwa kilichojaa maneno ya unyonyaji. Yeye akanitajia kijana aliyeingia hajui kushika randa akatoka fundi seremala, leo ana karakana na vijana wawili chini yake. Hakunitajia jina, na wala sikuuliza. Akanikumbusha pia kwamba jela isiyo na shamba ni jela ya kusubiri chakula kiletwe na lori, na lori lina siku linachelewa.

"Shida si kazi," akasema. "Wewe unauliza habari ya rufaa. Hilo ni jambo jingine."

Mimi nilianza kuona ni jambo lilelile, ila nilinyamaza. Kwa wazee unasubiri.

Siku 10, kisha siku 45, kisha kimya

Kwa aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inampa siku 10 kutoa taarifa kwamba anakusudia kukata rufaa. Kisha siku 45 kuleta rufaa yenyewe Mahakama Kuu. Muda wa kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu hauhesabiwi ndani ya zile 45. Aliye gerezani haendi mahakamani. Anampa mkuu wa gereza karatasi zake, naye anazituma.

Ukiisoma ilivyoandikwa, ni sheria ya kiungwana. Mtunga sheria alijua kwamba mtu hawezi kupinga hukumu ambayo hajaisoma.

Lakini yale maneno kwamba muda wa kusubiri hauhesabiwi yana sura mbili. Kwa mahakama, saa imesimama. Kwa mfungwa, inakwenda. Kila asubuhi anaamka, anapangwa genge, anakwenda shambani au karakana, na muda huo "usiohesabiwa" ndio hasa anaoutumikia. Anaweza kuomba dhamana akisubiri rufaa, sheria inaruhusu, ila mahakama zinadai sababu za kipekee, na aliyefungwa miaka 30 akisema anataka kwenda nyumbani kusubiri, hilo si la kipekee kwa yeyote.

Nakala inapofika, mpaka juzi ilikuwa kwa Kiingereza. Shahidi alisema kwa Kiswahili, mshtakiwa akajibu kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yamefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani ukizifungua leo bado ni za Kiingereza. Ndani ya gereza hapo ndipo anapotafutwa yule mfungwa aliyesoma kidogo, aliyezoea majalada, wanayemwita wakili. Yeye ndiye anaandika sababu za rufaa za nusu ya bweni. Baba mdogo anasema mmoja wa aina hiyo aliwahi kushindisha rufaa za wenzake kadhaa, yake ikagonga mwamba.

Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa.

"Na mnasahau uhamisho. Gereza likijaa, watu wanahamishwa. Msimu wa palizi gereza la kilimo likihitaji nguvu kazi, watu wanahamishwa. Mtu kesi yake iko huku, yeye yuko mikoa mitatu mbali. Nakala inakuja alikotoka."

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufaa, yale yanayowekwa kwenye tovuti ya hukumu za mahakama zetu. Sababu ya uhamisho inajirudia. "Nilihamishwa gereza." Mahakama yenyewe imeshasema mara nyingi kwamba mfungwa si mtu mwenye uhuru wa kufuatilia mambo yake, kwamba anategemea wakubwa wa gereza kwa kila karatasi. Wengine wanaongezewa muda. Wengine wanaambiwa hawakuambatanisha uthibitisho wa mkuu wa gereza.

Kumbe kazi ileile inayomlaza usingizi inaweza pia kumhamisha mbali na jalada lake.

"Wakili wa Serikali aliunga mkono rufaa"

Kama hujawahi kusoma hukumu za rufaa za jinai, jaribu jioni moja. Zina mdundo wake. Mrufani alifika mwenyewe, bila wakili. Alipopewa nafasi ya kusema aliomba sababu zake za rufaa zipokelewe kama zilivyo, akaomba Wakili wa Serikali aanze kujibu. Mtu anayeshindana na dola kwa ajili ya maisha yake, neno lake la kwanza mbele ya majaji watatu ni kumpisha mwenzake aanze.

Halafu mara nyingi, kuliko nilivyotegemea, unakuta sentensi hii: Wakili wa Serikali aliunga mkono rufaa.

Mara ya kwanza niliisoma tena nikidhani nimeruka mstari. Serikali iliyomshtaki inasimama na kusema, waheshimiwa majaji, hapa kweli tulikosea. Makosa yenyewe si ya kutafuta kwa tochi. Hati ya mashtaka inataja kifungu kisicho sahihi. Kielelezo kilipokelewa bila kusomwa mahakamani. Utambuzi ulifanyika usiku na shahidi hakusema taa ilikuwa na mwanga kiasi gani wala alimwona mtu kwa muda gani, wakati Mahakama ya Rufani ilishaweka kipimo cha utambuzi tangu 1980 katika kesi ya Waziri Amani, na kila mwanafunzi wa sheria anakijua.

Mwisho wa hukumu unakuja kwa maneno yanayofanana: rufaa imekubaliwa, hatia imefutwa, mrufani aachiwe huru mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali.

Hapo inaishia. Ile amri haisemi lolote juu ya kazi.

Mtaani kwetu yupo mmoja aliyetoka kwa amri ya namna hiyo. Sitamtaja wala gereza lake. Nilimuuliza alipewa nini siku ile. Akacheka: nauli, na nguo alizoingia nazo, ambazo hazikumtosha tena kwa sababu shamba lilimpanua mabega. Alinionyesha mikono. Sugu bado zipo, ngumu kama kwato, pale kidole kinapoanzia. Nikamuuliza kama ana hasira na kulimishwa. Akasema hapana, kulima analima hata sasa.

"Ila kule nililima kwa jina la mwizi," akasema.

Usiku ule nyumbani kwetu

Nisingeandika haya miaka kadhaa nyuma. Watu walivunja nyumba yetu usiku, wenye mapanga, mama akiwa ndani. Hawakumkata. Walimshikia panga shingoni wakati wanabeba televisheni, na hiyo ilitosha. Kwa muda mrefu nilitaka wapatikane, wafungwe, wavunje mawe mpaka jua lizame. Julai 2018 Rais Magufuli, akimwapisha Kamishna Jenerali wa Magereza Phaustine Kasike, aliposema haikubaliki nchi iendelee kulisha wafungwa, wafanye kazi usiku na mchana na mvivu apigwe mateke, mimi sikushtuka. Nilituma ile klipu kwenye kundi la familia na emoji za makofi.

Na bado simshangai anayefikiri hivyo. Aliyevamiwa hafikirii vifungu.

Lakini ninachojua leo ni kwamba waliotuvamia hawakuwahi kukamatwa. Polisi waliwahi kutuletea kijana mmoja, mama akaulizwa kama ndiye. Mama akasema kulikuwa na giza. Angeweza kusema ndiye. Alikuwa na hofu, alikuwa na hasira, sisi wanawe tulikuwa tumemzunguka tunataka jibu moja tu. Kama angetikisa kichwa, kijana yule angepigwa mvua 30, na hata ukitoa theluthi ya msamaha wa tabia njema inabaki 20. Angekuwa sasa hivi yuko kwenye shamba fulani, na mimi ningelala vizuri.

Sijui kama ndiye. Mama naye hajui. Tofauti ya 20 na sifuri ilikuwa uaminifu wa mwanamke mmoja aliyekuwa anatetemeka.

Msamaha si rufaa

Tukishindwa na rufaa, tunakimbilia msamaha. Tarehe 9 Desemba ni sikukuu ambayo familia nyingi husikiliza redio kwa sababu isiyo ya gwaride. Mwaka 2019 pale Kirumba, Mwanza, Magufuli yuleyule alisamehe wafungwa 5,533 kwa siku moja. Miezi michache kabla alikuwa ameingia Gereza la Butimba, akakaa, akasikiliza mahabusu na wafungwa wakieleza vilio vyao mbele ya kamera, na baada ya hapo mashtaka ya makumi ya mahabusu yakafutwa. Mtu wa mateke na mtu wa Butimba alikuwa mtu mmoja. Napenda tukumbuke vyote viwili, maana tuna tabia ya kuchagua kimoja.

Kesi ya Babu Seya, mwanamuziki aliyefungwa na wanawe kwa kubaka wasichana wadogo, haihitaji kusimuliwa upya. Ninachotaka ni kuipanga tu. Mwaka 2004 baba na wanawe watatu walifungwa maisha. Februari 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wawili kati ya wana hao. Desemba 2017 baba na mwanawe Papii Kocha walitoka kwa msamaha wa Rais. Machi 2018, wakiwa tayari nje, Mahakama ya Afrika ikasema haki yao ya kusikilizwa kwa usawa ilivunjwa katika baadhi ya mambo.

Angalia watu wanne, njia mbili. Wale wawili wa 2010 waliambiwa hatia yenu imefutwa. Wale wa 2017 waliambiwa mmesamehewa, na msamaha maana yake kosa lako bado ni lako ila nimekuachia. Mtaani tuliwapokea wote kwa wimbo uleule. Na wasichana waliotajwa kwenye kesi ile hawakuwa na wimbo wowote. Kama hatia ilikuwa sahihi walistahili isiyumbishwe na siasa, na kama haikuwa sahihi walistahili kuambiwa ukweli na mahakama, mapema.

Msamaha unapunguza msongamano. Hauwezi kukwambia nani hakustahili kuwa ndani.

Siku mbili tofauti bungeni

Hili ndilo lililonifumbua macho zaidi, na ni jambo dogo la kiutawala. Magereza yako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Bajeti yake inaposomwa Dodoma, wabunge wanauliza matrekta, mbegu, pembejeo, lini jeshi litajitosheleza kwa chakula, mashamba kama Songwe, Mollo na Kitengule yanazalisha nini, miwa ya Mbigiri imefikia wapi. Mahakama na msaada wa kisheria viko chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Hiyo ina siku yake. Huko wanauliza majengo, idadi ya majaji, mifumo ya kielektroniki.

Mtu mmoja, mwenye jembe mkono wa kulia na karatasi ya rufaa mkono wa kushoto, anajadiliwa siku mbili tofauti na mawaziri wawili tofauti. Hakuna siku anayojadiliwa mzima.

Nilikuwa na matumaini na Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyozinduliwa Januari 2023 na kukabidhi ripoti Julai mwaka huohuo. Ilikuwa na faida moja kubwa, ilitazama taasisi zote pamoja: polisi, waendesha mashtaka, mahakama, magereza. Mjadala uliofuata kwenye redio ninazosikiliza ulikuwa wa polisi karibu wote. Naelewa, polisi ndio tunaokutana nao barabarani.

Milango

Baada ya Mahakama ya Rufani, mfungwa wetu amebaki na mapitio, yaani kuiomba mahakama ileile iitazame upya hukumu yake, na mapitio yana tundu dogo kama la sindano. Ule mlango wa Arusha ulikuwa wazi kwa mtu binafsi kwa sababu Tanzania ilikuwa imetoa tamko la kuruhusu. Novemba 2019 tamko likaondolewa, na mwaka mmoja baadaye uondoaji ukaanza kufanya kazi. Wafungwa wa Butimba na Karanga walikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa mlango ule. Serikali ilisema tamko lilikuwa linatumika kinyume na masharti yake. Huenda mzigo wa kesi ulikuwa mkubwa kweli. Lakini ukipata wagonjwa wengi hospitali haifungwi.

Wenzetu Kenya katiba yao ya 2010, ibara ya 50, inamruhusu aliyekwisha kushindwa rufaa kuomba kesi yake isikilizwe upya kama umejitokeza ushahidi mpya na mzito. Sisi tungeweza kuliiga hilo bila kupanda ndege.

Uingereza wana tume maalumu ya kupitia kesi za namna hii, na hata hivyo Andrew Malkinson alikaa ndani miaka 17 kwa ubakaji ambao hakuufanya, mpaka hatia yake ilipofutwa Julai 2023. Kilichonitoa jasho ni jambo jingine. Kanuni za huko ziliruhusu mtu kama yeye akilipwa fidia akatwe gharama za kuishi alizookoa akiwa gerezani. Chakula na malazi! Kelele zilipozidi serikali ikaifuta kanuni hiyo Agosti mwaka uleule. Nilimsomea baba mdogo kwenye simu. Akanyamaza, kisha akauliza: "Na kazi aliyoifanya kule, waliijumlisha?"

Alipwe nini

Tangu siku hiyo tunabishana kwa simu, na ninaandika haya kabla hatujaafikiana.

Msimamo wangu ni huu. Kazi gerezani ibaki. Nimeshawishika kwamba ina faida, na jela ya kuhesabu kenchi siitaki kwa adui yangu. Lakini dola inayotumia hukumu kama kibali cha kumlimisha mtu iwe na wajibu wa kuharakisha uhakiki wa kibali hicho. Nakala ya mwenendo iwe na siku ya mwisho, na siku hiyo ikipita mfungwa asisubiri shambani kama vile hakuna kilichotokea. Suala lake la dhamana lirudi mbele ya jaji bila yeye kuomba. Asihamishwe mbali na mahakama yake rufaa ikiwa hai, palizi au si palizi. Na thamani ya kazi yake iandikwe kwa jina lake. Uwezo wa kuandika tunao, nimeuona. Hatia ikifutwa, alipwe.

Baba mdogo anakubali nakala. Anakubali uhamisho, ingawa anasema mkuu wa gereza lililojaa atakucheka. Ila ananikumbusha kwamba karatasi nyingi magereza wanazituma kwa wakati na zinakwamia mahakamani, kwa wachapaji wachache wenye rundo la majalada, na kwamba nisiwabebeshe askari lawama ya watu wengine. Hilo ni kweli, na nimeliweka hapa kama alivyolisema.

Malipo ndiyo anayoyakataa.

"Yule aliyeachiwa kwa sababu hati ya mashtaka ilikosewa namba ya kifungu," ananiuliza, "na mwenye duka bado ana kovu la panga. Naye alipwe?"

Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia 1976, ungemjibu kirahisi: fidia yake ni kwa yule tu ambaye jambo jipya limeonyesha wazi kwamba hakutendewa haki. Aliyetoka kwa kosa la hati hayumo. Lakini mimi siombi fidia ya kuwa mwema. Naomba ujira wa kazi, na kazi ilifanyika bila kibali. Kama dola haikuweza kuandika hati sawasawa, haikuwa na ruhusa ya Ibara ya 25, awe alimkata mwenye duka au hakumkata. Kama inaamini alimkata, imshtaki upya ipasavyo; mahakama huamuru kesi ianze upya pale haki inapodai. Hilo linawezekana na mtu akiwa amelipwa kwa mahindi aliyolima.

"Kamwambie hivyo mwenye duka," anasema.

Nimefikiria nitamwambia nini mwenye duka. Ningeanza kwa kumwambia kwamba pesa hiyo haitoki mfukoni mwake bali kwenye mahindi yaliyokwisha kuuzwa, na kwamba aliyepaswa kumwomba radhi ni mwandishi wa hati. Nadhani angenifukuza dukani. Jumapili naenda tena Kibaha, baba mdogo amesema atamwalika rafiki yake mmoja, mstaafu wa masijala ya mahakama, aje anieleze rundo la majalada lilivyokuwa likionekana upande wa pili wa meza.